Nyumba Iliyosema kwa Besi

Mbele ya kupima masikio ya mutoto, angalia chini. Kama munasimama juu ya mbao, tokeni, muende kwenye udongo. Nyinyi vijana muko na vyeti na mashine za kuvaa kichwani, mutanicheka. Chekeni. Mimi nilisoma miaka miwili tu ya primaire, nikaacha kwa sababu mama alizaa mapacha na mikono yangu ilihitajiwa nyumbani. Lakini nilifanya kazi ya watoto wasiosema kule Bagira, tangu wakati tulipokuwa Wazaïrois mpaka magoti yakakataa, na kosa kubwa kuliko yote niliyofanya, nililifanya juu ya mbao.

Niliingia kazi kama mufuaji. Nyuma ya parokia kulikuwa masera mumoja muzungu, mutawa wa kike, na chumba chake kilijengwa kwa mbao juu ya nguzo, maana kile kilima hakina hata mahali pa kuweka sahani isiteremuke. Pale alipokea watoto ambao hawasemi, ama wanasema na hakuna anayeelewa. Mimi nilifua mashuka. Lakini watoto walimuogopa Masera, walilia wakimuona tu, basi akaniita niwashike. Nikashika. Nikaangalia. Siku moja akaniambia, "Nsimire, wewe unaona kuliko mimi." Sikubisha. Ilikuwa kweli.

Yeye ndiye alinifundisha kwamba mutoto asiyesema si mutoto mumoja, ni watoto wane wamevaa shati moja. Kuna asiyesikia. Kuna anayesikia lakini maneno hayakai ndani, yanapita kama maji kwenye kitunga. Kuna anayeelewa yote, mutume sufuria ataleta sufuria, lakini mudomo unakataa kumutii. Na kuna yule anayekua pole-pole mwili mzima, alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, na kusema ni kitu cha mwisho tu ambacho jamaa walikiona. Ukianza kufundisha bila kujua uko mbele ya nani, unafundisha shati.

Mimi niliongeza wa tano, Masera hakumujua. Huyo ni mutoto asiyepewa nafasi. Waliniletea mumoja, dada zake sita wakamusindikiza. Nikamuuliza, "Unaitwa nani?" Wakajibu sita. "Unapenda nini?" Sita tena, na wakagombana kati yao. Nikawatoa wote inje, nikacheza na mutoto saa nzima bila kumuuliza kitu. Dada waliporudi kumuchukua, akaniangalia, akasema neno lake la kwanza mbele yangu: "Watoke." Nikamuandika kuwa amepona.

Na musiruhusu wembe. Kila wiki mutu alinifikia na mutoto aliyekatwa chini ya ulimi, eti ulimi ulikuwa umefungwa. Sikiliza: kama mutoto anaweza kulamba sukari kwenye mudomo wa juu, huo ulimi muuache.

Masera aliugua, akarudi kwao. Aliacha sanduku moja: kioo, mushumaa, unyoya wa bata na ngoma ndogo. Watu wa parokia wakauliza nani atachukua nafasi yake. Tulingoja. Hakuja mutu. Basi nikawa mimi.

Nilikuwa na ile kazi mwaka mumoja tu, kiburi kimeshapanda kichwani, wakati Papa Mugisho aliingia na dosiye ya karatasi kwapani.

Huyu Papa Mugisho alikuwa karani kwenye biro ya zone, ofisi ya serikali, upande wa majina. Ulikuwa ule wakati serikali ilituambia tuache majina ya ubatizo, turudie ya mababu. Watu walipanga musitari tangu asubui. Uliingia Boniface, ulitoka mutu mwingine. Yeye ndiye aliandika, na alianza kwake nyumbani ili asisemwe. Alijibadilisha yeye, muke, na watoto wote. Alibadilisha hata mbwa, aliyeitwa Fidèle. Mama yake, ambaye tulimuita Koko, alikuwa Philomène tangu utoto, akasema hilo jina atalificha tumboni, waje walitafute. Na mutoto wa mwisho, Félicien, wa miaka tatu, akawa Murhula.

Tangu mwezi wa ile karatasi, mutoto hakugeuka tena akiitwa. Maneno aliyokuwa nayo, "maji", "twende", "nipe", yakaharibika moja-moja, yakaisha.

Papa Mugisho akafungua dosiye mbele yangu.

"Maman, nimekagua. Andiko ni sawa. Kashe iko, muhuri umegongwa, sinyatiri iko, sahihi yangu mwenyewe. Sioni kosa liko wapi."

"Papa, mutoto si karatasi."

"Najua. Lakini kila kitu kiko na karatasi yake."

Koko hakukubali habari ya kashe. "Masemi yake yalibaki kwa jina la kwanza," akasema. "Mulihamisha jina, hamukuhamisha masemi."

Na hili ndilo lenye uzito, mulishike. Kaka ya Papa Mugisho, wa kule Mudaka, alikuwa ameshasema: kama mutoto hatajibu jina lake siku ya kuandikishwa shule, yeye atamuchukua kuchunga ngombe. "Ngombe hawaulizi mutu kitu," alisema. Mama ya mutoto, kila aliposikia Mudaka, alimuvuta kwapani kama mutu anaficha kuku.

Siku ya mungu moja, yaani Jumapili, wakafanya kikao cha familia. Walimukalisha Murhula kwenye kiti katikati ya parcelle, ndio uwanja wa nyumba, mugongo kwetu, na kila mutu akapewa ruhusa kusimama nyuma yake na kuita jina. Jina atakalogeukia, hilo ni lake. Papa Mugisho alikuwa na bic na daftari. Mimi nilialikwa kama mutu wa mambo hayo, nikakaa kwenye kiti cha muhimu.

Waliita. Majina ya mababu, ya shangazi waliokufa, ya ukoo. Mama yake aliita kwa sauti yake nyembamba mpaka machozi. Koko, akiangalia kwanza kama kuna jirani kwenye uzio, akaita "Félicien!" Papa Mugisho akaziba masikio ili asiwe amesikia. Mutoto alikuwa anaangalia sisimizi.

Ndipo Tonton Bisimwa aliingia. Huyo ni ndugu ya mama, aliimba besi kwenye kwaya ya parokia, kifua kama pipa. Alikuwa amechelewa na sahani ya bugali iko mukononi. Akaita akitafuna, "Cirhuza!"

Mutoto akageuka.

Muone yale makelele! Koko akapiga vigelegele. Papa Mugisho akaandika CIRHUZA kwa herufi kubwa, akapiga musitari chini mara mbili, akataka kukimbia biro, tukamukumbusha ni siku ya mungu.

"Ngojeni," nikasema, "nihakikishe kwanza."

Nikawapeleka wote kwenye chumba cha Masera. Nikasimama nyuma ya mutoto, nikapiga ngoma. Akageuka. Nikapiga makofi kwa nguvu, na mutu akipiga makofi kwa nguvu anakanyaga na muguu. Akageuka. Zile mbao zilikuwa zinaruka kama kitanda kibovu, yule mutoto alikuwa anasikia kwa nyayo, na mimi, mutu wa kiti cha muhimu, sikuona. Nikasema mbele ya familia nzima:

"Mutoto anasikia. Ni kichwa ngumu. Mumushike vizuri."

Basi jina likabaki Murhula, na wakamushika vizuri. Mwaka muzima. Akiitwa na asigeuke, fimbo. Akitumwa na asiende, fimbo. Maman Nsimire alisema anasikia, basi ni dharau. Sikushika hizo fimbo hata moja, lakini zote zilikuwa zangu. Hili siwaambii ili munihurumie. Nawaambia ili mukisema kitu mbele ya wazazi, mukumbuke kwamba wanaenda nacho nyumbani.

Nilikujaje kujua? Mbao zilioza. Fundi alikuja kuzibomoa, ikabidi nifanye kazi inje, kwenye udongo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Murhula, ambaye waliendelea kumuleta kwangu. Nikagonga kijiko kwenye glasi nyuma yake. Kimya. Nikamuita. Kimya. Camion ya mizigo ikaanza kupanda kilima kule mbali, na yeye akageuka wakati mimi mwenyewe sijaisikia vizuri. Nikakaa chini. Nikatuma watu wamulete Tonton Bisimwa.

"Simama pale nyuma. Usikanyage kwa nguvu. Ita."

"Cirhuza!" Akageuka.

"Sasa ita kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Chochote! Kilicho jikoni!"

"Muhogo!" Akageuka. "Chumvi!" Akageuka. "Ndoo!" Akageuka, na sasa alikuwa anacheka, maana alimuona Tonton anaita vyombo.

Nikaita mimi, "Cirhuza!" Hakutikisika.

Kumbe haikuwa jina. Ilikuwa besi. Masikio yake yalikuwa yamebakiza sauti nzito na kupoteza nyembamba. Mama yake, baba yake asiye na besi, shangazi zake, mimi mwenyewe, sisi wote kwake tulikuwa midomo inayofunguka bure. Nikamuita mama yake. "Ule mwezi wa karatasi, kulikuwa na kitu kingine?"

"Alikuwa na homa kali, Maman. Karibu afe. Walimupiga sindano siku nyingi."

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Hukuuliza."

Kweli, sikuuliza. Tulikuwa wote tunaangalia karatasi. Baadaye daktari mumoja alinielezea kwamba kuna homa zinazounguza masikio, na hata dawa zingine zinazookoa mutoto zinaweza kuyaharibu. Basi nyinyi ulizeni ugonjwa kwanza, sindano kwanza. Mambo ya jina na mababu mutayasikia tu hata kama hamukuyauliza.

Nilienda kwao muchana, wote wako, nikasema yote. Koko alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni wewe ulisema kichwa ngumu."

"Ni mimi, Koko."

"Basi piga magoti."

Nikafikiri ananiambia mbele yake, nikaanza. "Si mimi," akasema. "Yeye." Nikageukia Murhula, nikapiga magoti kwenye vumbi, na kitambaa changu kizuri. Mutoto akafikiri ni muchezo, akanipanda mugongoni, akanipiga mbavuni kwa visigino. Nikamubeba kuzunguka parcelle mara tatu. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe.

Halafu nikawapa kazi. "Museme naye karibu, uso kwa uso, jua likiwa kwenye uso wako, si mugongoni. Musipige kelele, kelele inaharibu mudomo na yeye anausoma. Na museme kwa sauti nzito."

Sasa, watu wetu ukiwapa agizo, hawalikati, wanalifuata lote na zaidi. Nilipita wiki ile nyingine, nikasikia kutoka barabarani kama kwaya ya waume inafanya mazoezi. Familia nzima ilikuwa inasema kwa besi. Si kwa mutoto tu, kwa kila mutu. Mama alikuwa anaombana chumvi na jirani kwa besi. Dada wadogo waligombana kwa besi. Papa Mugisho aliniambia "Karibu" kama mutu aliye ndani ya kisima. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alipobisha kwenye mulango, Koko, ambaye ndiye aliipenda ile besi kuliko wote, akamujibu "Ingiaaa," na yule bwana akaacha ndoo yake, akakimbia.

Habari zikafika kwa shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu. Wakati ule, shefu wa avenue alikuwa masikio ya chama, na chama kilikuwa kimoja. Akaja na daftari, nikiwa pale; siku hizo kila mutu aliitwa Citoyen, si Bwana.

"Citoyen Mugisho, nimesikia kwamba hapa munaigiza sauti ya mukubwa fulani."

"Hapana, shefu," akajibu Papa Mugisho, kwa besi. Alikuwa ameshazoea.

"Unaona? Unaendelea mbele yangu!"

"Shefu, ni kwa ajili ya mutoto," akasema mama, besi.

Shefu akarudi nyuma hatua moja. "Na muke pia! Hii ni kikundi. Mutaeleza kwa zone."

Papa Mugisho alikuwa anatoka jasho, maana zone ndiko alikofanya kazi. Nikaingilia kati. "Citoyen shefu, muite huyu mutoto mwenyewe. Kwa sauti yako."

Akaita. Hakuna kitu. Akaita tena. Hakuna kitu.

"Sasa sema neno lolote kwa sauti ya tumboni."

Akawaza, akakunja shingo, akatoa: "Chamaaa!"

Murhula akaacha kuchezea mbwa, akageuka, akamuangalia shefu kwa heshima yote. Shefu akajaribu tena akizunguka nyuma ya jiko. "Chamaaa!" Mutoto akageuka tena. Yule mutu alifurahi mpaka akasahau kutuchukua. Aliandika kwenye daftari, nikichungulia juu ya bega lake, kwamba katika parcelle hii kuna mutoto asiyesikia mama wala baba, anasikia chama tu. Tangu siku hiyo hatukusumbuliwa, na familia ikapewa bendera ndogo.

Mutoto alianza kurudisha maneno. Hayakuwa mazuri. Nilitumia unyoya: sema "papa" mbele ya unyoya, ukitikisika umeipata. Nilitumia mukono wake kwenye koo langu, aguse sauti asiyoisikia. Alisema maji bila j, alisema kila kitu kwa besi kama Tonton Bisimwa, mutoto wa miaka sita mwenye sauti ya muzee wa kwaya. Lakini alisema.

Siku ya kuandikisha ikafika. Baba mukubwa wa Mudaka alikuja pia, na kamba ya ngombe begani, mutu asiye na haya. Watoto walipanga musitari, kila mumoja apitishe mukono juu ya kichwa aguse sikio la upande mwingine, ndiyo ilikuwa cheti chetu cha kuzaliwa. Murhula akagusa sikio bila shida. Nikafikiri, angalau kwa kuligusa linafaa.

Halafu Directeur wa shule akafungua mudomo. Alikuwa na sauti ya mbu. Mutu munene vile, na sauti ya mbu! Tena alisoma akiinamia karatasi, mudomo haukuonekana.

"Murhula."

Kimya.

"Murhula!"

Mama yake akanishika mukono mpaka kucha zikaingia. Na hapo, kutoka dirishani, ikaingia sauti kama camion: "MURHULA!" Alikuwa Tonton Bisimwa, amepanda juu ya tofali.

"Présent!" akasema mutoto kwa besi, akiangalia dirisha.

Directeur akainuka. "Nani ni directeur hapa? Mimi ama dirisha?"

"Ni wewe, Monsieur le Directeur," nikasema. "Lakini dirisha ndilo mutoto analisikia." Nikamueleza. Masikio, homa, mbao, fimbo za mwaka muzima, na kwamba fimbo hizo zilitoka kinywani mwangu.

"Maman, naelewa. Lakini siwezi kuweka kwaya kwa kila darasa. Amuchukue mutu anayemuweza."

Baba mukubwa wa Mudaka akashusha kamba begani.

"Basi nitakaa naye mimi," nikasema. Sikuwa nimefikiri. "Mwalimu atasema, na mimi nitamurudishia kwa sauti nzito, usoni."

"Wewe? Ulisoma wapi?"

"Nitasoma hapa."

Akacheka mpaka akakaa. Halafu akaandika. Nafikiri aliandika kwa ajili ya kicheko tu, lakini aliandika.

Hivyo, mutu muzima, nilirudi mwaka wa kwanza, nikakaa kwenye benchi na magoti yangu karibu na kidevu. Asubui nilikuwa darasani, jioni kwa watoto wangu wengine. Nilicheza animation, zile ngoma za kusifu chama, uwanjani na watoto wote, kitambaa kiunoni, nikisifu nisichokijua. Mwalimu akisema, nilirudia kwa Murhula. Mwaka wa kwanza na wa pili niliijua. Wa tatu ulinishika. Nilikuwa ninamuuliza mwalimu kuliko watoto wote, naye alipochoka kabisa, siku ya mutihani akanitupia karatasi na mimi. "Andika, Maman, angalau unyamaze."

Siku ya kutangaza, wazazi walijaa uwanjani. Directeur alisoma majina kwa ile sauti yake, lakini safari hii uso juu. Murhula alikuwa mbele, macho kwenye mudomo wake, mimi nikiwa tayari kumurudishia.

"Murhula. Amepita."

Sikupata hata nafasi ya kumurudishia. Alikuwa ameshainua mukono.

Directeur akageuza karatasi, na nikaona anajizuia kucheka. "Maman Nsimire. Anarudia mwaka."

Uwanja ukapasuka. Tonton Bisimwa alicheka mpaka njiwa wa kanisa wakaruka. Murhula peke yake hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso wake.

"Maman. Mimi naenda. Wewe unabaki."

Mama yake alikuwa amefika, ameshaanza kuogopa. Kwa hofu alisahau besi, akamuuliza kwa ile sauti yake nyembamba ya zamani, "Sasa mwaka wa ine nani atakaa na wewe?"

Aliuangalia mudomo wake mpaka ukamaliza.

"Hakuna mutu," akamujibu. "Nitakaa mbele."

Alikaa mbele. Mimi mwezi wa tisa nilirudi kwenye benchi langu la mwaka wa tatu, peke yangu kati ya watoto wa watu, na nikapita, hata kama kugawanya kulinitesa mpaka Pasaka.